Macho Kumi na Manne

NULU: Haloo! Duka la vitambaa, Mbale. Nani mwenzangu?

MARGRET: Haloo? Naomba kuongea na Hajati Nulu.

NULU: Ndiye mimi. Paza sauti, laini inakwaruza.

MARGRET: Habari ya asubuhi, Hajati? Watu ya nyumbani wako salama?

NULU: Salama, tunashukuru. Za huko?

MARGRET: Huku Jinja iko sawa. Mimi naitwa Margret. Napiga hapa posta, kwa kadi. Mimi ni…

NULU: Ni mteja? Kama ni zile kanga, mwambie bosi wako lori limekwama Tororo, si—

MARGRET: Hapana, Hajati. Mimi ni mwalimu ya Rania. Ya darasa la tatu.

NULU: (kimya)

MARGRET: Haloo? Umekata?

NULU: Sijakata. Namba yangu umeitoa wapi?

MARGRET: Mugweri, baba ya Rania. Nilikutana na yeye soko ya Walukuba. Kwanza alikataa.

NULU: Mwanangu huyo ana moyo laini kupita kiasi. Mimi nisingekupa. Mjukuu wangu amehamishwa kutoka Jinja kabisa kwa ajili yako, na wewe unapiga simu kuniuliza habari ya nyumbani!

MARGRET: Napiga juu nataka kuomba msamaha.

NULU: Juu ya nini? Taja.

MARGRET: Hajati, Kiswahili yangu—

NULU: Nakisikia. Kama askari wa getini.

MARGRET: Baba alikuwa polisi. Nilijifunza kambini. Huko ilikuwa simama, kaa, lete, ondoka. Hakuna mtu alinifundisha kuomba msamaha nayo.

NULU: Basi jifunzie kwangu. Taja.

MARGRET: Ilikuwa somo ya kuchora. Mimi nachora ubaoni hatua kwa hatua, watoto wanafuata. Hatua ya kwanza, yai kubwa. Ya pili, yai ndogo. Ya tatu, shingo inaunganisha. Ya nne mdomo, ya tano miguu. Ya sita, unaweka jicho, na bata amekuwa bata. Hata mtoto mjinga wa kuchora anapata bata.

NULU: Rania si mjinga.

MARGRET: Rania alikuwa anachora kunishinda mimi! Lakini kila mara anaishia hatua ya tano. Bata, mbuzi, samaki, hakuna jicho. Nauliza kwa nini, ananyamaza.

NULU: Kwetu hatuchori jicho, Mwalimu. Kiumbe anapewa uhai na Mungu, si na penseli.

MARGRET: Sasa najua. Mugweri alinieleza sokoni. Wakati ile sikujua, na sikutafuta kujua. Niliona ni kiburi. Mtoto ya miaka nane, nikasema ananipima.

NULU: Ukafanya nini?

MARGRET: Wewe unajua.

NULU: Nataka nisikie kwa mdomo wako.

MARGRET: Nilimsimamisha mbele ya darasa. Nikawaambia watoto, angalieni wanyama ya Rania, hawaoni, wanagonga ukuta. Walicheka. Mimi nilicheka. Halafu nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka macho kwa kitabu yake. Ukurasa kwa ukurasa. Yeye amesimama pale anaangalia.

NULU: Ya Rabi.

MARGRET: Kesho yake akaleta kitabu na matobo. Amekata macho yote na wembe. Nikasema ameharibu mali ya shule. Nikamchapa.

NULU: Wapi?

MARGRET: Kwa mkono. Fimbo tatu. Hajati, hakulia. Kama angelia labda ningeuliza.

NULU: Unajua anaishije hapa?

MARGRET: Mugweri alisema hataki shule.

NULU: Shule? Penseli hagusi. Madrasa nako hivyo hivyo, alifu ni mstari mmoja tu, hataki kuuandika. Na yale macho aliyoyakata hakuyatupa. Kayatia kwenye kiberiti. Kila asubuhi anafungua, anahesabu. Kumi na manne.

MARGRET: Kwa nini anaweka?

NULU: Anaogopa kuyatupa, na kuyaweka anaogopa. Anasema Siku ya Kiyama wanyama hao wataamka wote, watamjia, watamwambia, tupe pumzi. Naye hana. Jana ananiuliza, Bibi, mbuzi anakula pumzi nyingi kiasi gani?

MARGRET: Oo, Mungu wangu. Nani alimwambia mambo kama hiyo?

NULU: Kuna mteja, subiri.

MARGRET: Hajati, kadi iko na uniti kidogo, usi—

NULU: Hakuna mteja. Nilimwambia mimi.

MARGRET: Wewe?

NULU: Likizo ya mwaka jana. Alinichorea paka kwa makaa ukuta mzima wa duka, nami ndiyo kwanza nimepaka rangi. Hasira zikanipanda. Nikamwambia, hao wote watakuja kukudai roho. Dini inafundishwa kwa adabu, nami niliifanya kiboko. Nilitaka tu aniachie ukuta wangu.

MARGRET: Hukujua.

NULU: Wewe nawe hukujua. Kumbe tumekutana wawili. Na tangu aje hapa nimekaa kimya, namwacha Mugweri akulaumu wewe peke yako. Hilo nililijua.

MARGRET: Mimi nastahili.

NULU: Shehe kaja mara mbili. Kamwambia mtoto hana dhambi, kalamu ya makosa haijaanza kuandika juu yake. Anaitikia, ndiyo Shehe. Shehe akitoka, anasema, lakini macho yapo, Bibi.

MARGRET: Kweli yapo. (simu inakwaruza) Hajati, nipe yeye.

NULU: Hapana. Akisikia sauti yako atajificha chini ya meza.

MARGRET: Ile macho ni yangu. Mtu amwambie ni yangu. Kalamu yangu, mkono yangu. Yeye hakuchora hata moja.

NULU: Mwalimu, wewe si Mwislamu. Unajua unachojitwisha?

MARGRET: Mimi ni Mkatoliki. Hata kwetu kuna siku ya kuulizwa. Nipe yeye, tafadhali. Uniti zinakwisha.

NULU: Rania! Rania, njoo. Acha hicho kitambaa. Ni mwalimu wako wa Jinja… Hakuli kwa simu. Mimi nimekushika. Shika hapa. Sikiliza tu.

MARGRET: Rania? Ni Ticha Margret. Kama hutaki kuongea, usiongee. Nilikosa, Rania. Kufanya watoto wakucheke, nilikosa. Kukuchapa, nilikosa. Ulikuwa unafuata mafundisho ya nyumbani, na mimi sikuuliza. Unanisikia?

RANIA: Mm.

MARGRET: Sasa niambie. Kwa kitabu yako, nani alichora macho?

RANIA: Ticha.

MARGRET: Kalamu ilikuwa ya nani?

RANIA: Ya Ticha. Nyekundu.

MARGRET: Basi ni yangu. Wakija, watakuja kwangu. Wanajua mwenye kalamu. Wewe hawakujui.

RANIA: Lakini niliwakata.

MARGRET: Ulikata karatasi. Na wewe ulikuwa unasahihisha kazi yangu, juu niliharibu.

RANIA: Wako kwa kiberiti.

MARGRET: Nataka hiyo kiberiti. Mpe Bibi, yeye atampa dereva wa basi. Mimi nitangoja stendi huku Jinja, nipokee na mkono yangu.

RANIA: Wote?

MARGRET: Wote. Usibaki na hata moja.

RANIA: Mbuzi pia?

MARGRET: Mbuzi, paka, samaki wanne, bata na watoto saba. Nimehesabu. Wote ni wangu.

RANIA: Utawapulizia pumzi peke yako?

MARGRET: Peke yangu.

RANIA: Hakuna mtu wa kukusaidia?

MARGRET: Hakuna. Ni mimi niliwachora.

RANIA: Utachoka, Ticha.

MARGRET: Nitachoka. Ndiyo. Nitachoka sana.

NULU: Rania, basi, mwage mwalimu. Kadi yake inalia, naisikia hapa.

RANIA: Ngoja, Bibi! Ticha!

MARGRET: Niko. Sema haraka.

RANIA: Uanze na watoto wa bata. Wale wadogo, wanataka pumzi kidogo.

MARGRET: Watoto wa bata. Nimesikia.

RANIA: Halafu upumzike. Halafu mama yao. Halafu samaki, mmoja mmoja, usiwa—

MARGRET: Mmoja mmoja. Na mbuzi?

RANIA: Mbuzi wa mwisho. Ukifika kwa mbuzi uniite, nitakusaidi—

(Simu imekatika.)