Lebo ya Mwisho ya Mama Kloridi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu wa kemia. Wanafunzi walimwita Mama Kloridi, na jina hilo alilipenda.

Somo lake la kwanza halikubadilika miaka yote. Anaweka kopo la chumvi mezani. "Hii ni kloridi ya sodiamu. Sodiamu ana elektroni moja ya kutoa, klorini amepungukiwa moja. Huyu kampa yule, wakashikana. Klorini peke yake inaua. Ikishikana na mwenzake, unaitia kwenye mboga. Nani kala klorini leo?" Mikono yote juu.

Kila chupa yake ilikuwa na lebo: jina la kampaundi, tarehe, sahihi. "Hata maji ya kunywa nyumbani aliyabandika," anasema binti yake. "Tulimcheka mpaka basi."

Mama Kloridi mwenyewe ndiye aliyekosea, wasikilizaji. Inaniuma kulisema. Jumatatu, katika pilikapilika za mtihani wa vitendo, chupa ya asidi ilipata ufa. Akaimimina asidi kwenye chupa tupu ya dawa ya madoa. Lebo angebandika baadaye. Akapitiwa.

Ijumaa wino ukamwagika sakafuni. Alimimina dawa ya madoa kwenye ndoo, ikamwishia. Akachukua chupa nyingine, akaongeza. Ilikuwa ile asidi. Dawa ya madoa ina klorini ndani yake, na asidi huifungua: gesi ikafumuka. Aliwatoa wanafunzi wote, yeye akatoka wa mwisho, mapafu yameungua.

Lawama zikamwangukia mfagiaji wa shule, maana chupa za dawa ya madoa ni zake. Mkuu wa shule akamsimamisha kazi papo hapo. "Niliapa sijaigusa asidi," anasema mfagiaji. "Nani angeniamini? Mama Kloridi akosee lebo?"

Hospitalini, binti alimweleza mama yake yaliyompata mfagiaji. Sauti ya mama ilikuwa imekwisha. Mama akaomba kalamu kwa ishara. Akaandika kwenye kipande cha plasta, herufi zikiyumba: Asidi ya hidrokloriki. Chini, tarehe ya Jumatatu. Chini yake, sahihi.

Jumapili mchana alifariki. Binti aliipeleka plasta kwa mkuu wa shule, macho yamemvimba. Mfagiaji amerudi kazini. Kazi ya kwanza aliyopewa ni kuosha sakafu ile.

Tunawapa pole binti, ndugu na wanafunzi wake. Pole nawe, dada mfagiaji.

Nawe unayenisikiliza, hebu inuka ukazitazame chupa zako. Usiseme utaandika baadaye. Yeye alisema hivyo Jumatatu.