Mama Kamba na Wanawake wa Alhamisi

Tarehe thelathini mwezi huu, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Kamba, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Mwandishi wa wasifu huu ni mkuu wa kitengo cha kufulia, na amepewa kazi hii kwa sababu kamba zilizompa jina hilo zilikuwa za kitengo chake.

Alianza katika chumba kidogo kando ya stoo, akiwa na kitanda kimoja, mpira mmoja na sauti ya kutosha ghorofa tatu. Hakuwahi kumwona mtu amekaa kwa kujikunja akanyamaza. Katika kikao kimoja cha bajeti alimsimamisha mganga mkuu katikati ya hotuba, akamzungushisha mabega, na kikao kizima kikazungusha naye. Bajeti ilipita, ingawa hatusemi ilipita kwa sababu hiyo.

Lakini kazi iliyompa jina ni ya Alhamisi. Wanawake waliotibiwa saratani ya titi walikuwa wakiambiwa wamepona, wanakwenda nyumbani, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Mkono wa upande uliotibiwa haupandi. Gauni halifungiki mgongoni. Mjukuu akitaka kubebwa, bibi anasingizia kiuno. Wengine walilala wamewapa waume zao mgongo, si kwa ugomvi, bali kwa kuogopa kutazamwa. Mama Kamba aliwapa karatasi za mazoezi, wakawashia jiko. Ndipo akaja kwetu kuomba kamba za kuanikia. Kila Alhamisi wangeanika mashuka ya wodini, na kadiri walivyozoea, kamba ingepandishwa kidogo.

Sisi wa kufulia tulifurahi kupata wasaidizi, tukajitia kusimamia huku tumekaa. Furaha haikudumu. Siku moja wanawake walichangamka, naye akanogewa, akapandisha kamba juu mno. Nguo zilirushwa kwa mkono mzima zikakaa. Kuzishusha ndiyo ikawa kazi. Fundi umeme alikuwa ameondoka na ngazi. Daktari wa upasuaji alikuja uani mwenyewe, kofia kichwani, kuulizia magauni yake ya upasuaji yaliyokuwa yanapepea angani. Mama Kamba alimwambia kwa kuwa ameshafika, naye anyooshe mikono. Alinyoosha.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo msusi. Alikuwa amefunga saluni, kwa kuwa kusuka kunataka mikono yote miwili iwe juu, na mkono wake wa kulia haukupanda kupita bega. Alikuwa mjanja: ukigeuka tu, anaanika kwa wa kushoto. Mama Kamba akaushikisha ule wa kushoto kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Chai ilimwagika sana, na maneno tuliyosikia hayaandikiki hapa. Siku nyingine alilia nyuma ya shuka, akisema wateja wake wameshazoea kwingine, na wenzake wakainama wote kutafuta vibanio ambavyo havikuwa vimeanguka. Mama Kamba alilia pia. Kisha akampandishia kamba.

Alhamisi iliyopita msusi alifika, akaipita kamba kama haioni. Akamkalisha Mama Kamba kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamvua kitambaa, akaguna, maana nywele zile zilikuwa hazijaonana na msusi kwa muda mrefu. Akaanza kusuka, viwiko juu. Mama Kamba, ambaye humfokea yeyote anayekaa bila kujinyoosha, alikaa mpaka mashuka yote yakakauka. Kila alipojaribu kuinuka aliambiwa, "Tulia mama, utanipotezea mstari." Jumatatu hii saluni imefunguliwa.

Mama Kamba, asante kwa mabega yetu, na asante zaidi kwa wanawake waliorudi kubeba wajukuu wao. Nenda ukapumzike, ule ushibe, uchelewe kuamka bila kuulizwa na mtu. Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye vicheko. Na kama nywele hizo zimekukaza mpaka nyusi zimepanda, usilalamike: ule mkono umepona.