Bao la Hamsini la Nurdin

Gari la Kivinje kwenda Masoko lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka, na Laurenti alishajuta kukaa karibu na Hamida, mama asiyemjua aliyekuwa anamsifia marehemu kaka yake kwa abiria wote.

"Nurdin wetu alikuwa na mguu, jamani! Mechi na Kikole, wenyeji walifunga golini jarife, ule wavu wa papa wenye matundu makubwa, badala ya nyavu za mpira. Shuti likapita tundu la jarife mpaka kwenye mikorosho. Refa akasema mpira umetoka nje! Wiki iliyofuata lori likamuua. Mama mpaka leo anamhesabia mabao hamsini, watu wa Kikole wanasema arobaini na tisa."

"Ulitoka nje, dada," Laurenti akaropoka.

"Wee! Ulikaa wapi hata ukauona?"

"Golini," Laurenti akasema. "Nilikuwa kipa wa Kikole."

Gari zima likalipuka kwa kicheko. Ukweli, ambao hajamwambia hata mkewe, ni kwamba shuti lile lilipokuja alifumba macho.

"Ndiye wewe Laurenti!" Hamida akapiga makofi. "Nurdin alikuwa anakuigiza ulivyoruka, tukacheka mpaka wali ukaungua!"

Walipofika Masoko, konda akagonga bati. "Mwisho wa gari!"

Hamida akamnyang'anya Laurenti kikapu chake. "Twende kwa mama, ukamwambie mwenyewe kwamba ulitoka nje."

"Dada, nimekuja kung'oa jino."

"Utang'olewa hukohuko!"

Laurenti akakifuata kikapu chake, anacheka, na jino limesahau kuuma.