Msikiti wa Kisimani Una Wenyewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa nasi, Waheshimiwa Madiwani, masheikh wetu na maimamu, Daktari Tahiri, kiongozi wa Mradi wa Kumbukumbu za Majengo ya Kale, pamoja na wataalamu wako, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wa Kisimani kule Mbwera, mliopanda boti alfajiri hadi Nyamisati, mkabanana kwenye gari hadi hapa Kibiti, na sasa mmekalishwa kule nyuma karibu na spika: asalamu alaikum.

Mimi ni Habiba binti Mrisho, mwenyekiti wa kina mama wanaosuka mikeka ya Msikiti wa Kisimani na kuupaka chokaa kila Ramadhani inapokaribia. Ratiba inasema Bi Habiba atatoa neno la shukrani. Neno nilikuwa nalo, zuri, limepangika. Nimelikariri ndani ya boti mpaka jirani yangu akaniomba ninyamaze apate kulala. Lakini hotuba ya Daktari Tahiri, ambayo mmemaliza kuipigia makofi sasa hivi, imenipandisha mori, na neno lote limenitoka kichwani.

Hebu niambieni kama nimesikia vibaya. Daktari amesema msikiti wetu ni jengo la kale lisilotumika tena. Amesema Jumatatu itakuja boti kung'oa mlango wetu wa nakshi na kubandua sahani za kaure zilizojengewa kwenye ukuta wa kibla, vipelekwe mjini vikawekwe ndani ya kioo, kwa usalama. Amesema jengo lenyewe litazungushiwa uzio. Na ushahidi wake ni hizo picha zilizo nyuma yangu kwenye skrini. Nimesikia vibaya? Basi. Nimesikia vizuri.

Shukrani kwanza, maana mimi nimefundwa. Picha ni nzuri, tena nzuri mno. Ukigusa hapo unaingia mlangoni, ukigeuka unaona boriti za mkoko darini, moja moja, na mawe ya matumbawe yaliyopangwa na mababu zetu. Ndugu wageni, kwetu delta hakuna jiwe. Kuna tope. Ukichimba unakuta tope, ukichimba zaidi unakuta maji. Kila jiwe la ukuta ule lilitolewa kule kwenye miamba ya baharini, likapakiwa mtumbwini, likaja na maji kujaa. Upana wa msikiti ule umefuata urefu wa boriti, hauzidi hapo, na mashine ya Daktari imeupima mpaka ufa mwembamba kama uzi. Kwa hilo, Daktari, pokea ahsante yangu. Sasa tuzungumze.

Kwenye picha hizo sakafu ni tupu. Hakuna mkeka. Hakuna msahafu, hakuna marufaa ya kuuwekea, hakuna taa, hakuna kata kwenye birika la kutawadhia, hakuna hata kiatu mlangoni. Mtu yeyote akitazama atasema kweli, hapa wamehama. Nyinyi mnajua vitu vile vilikwenda wapi? Mimi najua, kwa sababu mikeka ile nimeisuka kwa mikono hii, na nilishika upande mmoja tulipokuwa tunaitoa.

Ilikuwa hivi. Binti Warda, yule aliyeketi pale na kompyuta, alikuja kwetu na vijana wenzake na mashine ya miguu mitatu. Binti ana adabu, simlaumu. Alitukusanya akasema, "Wazee wangu, kina mama, tunaomba tukiwa kazini watu wasipite mbele ya mashine." Hilo tu ndilo aliloomba. Lakini sisi ni watu wa Kisimani. Kwetu mgeni akisema ana kazi mahali, unampisha. Humpishi nusu. Unatoa chombo, unafagia, unaondoa kilichochakaa asije akakuona mchafu, unamwachia nafasi yake. Hivyo ndivyo tunavyofanya hata siku za kupaka chokaa. Basi tukatoa kila kitu. Mikeka tukaiviringisha, misahafu tukaifunga kwenye khanga safi, viatu vya watu tukavihamishia barazani kwa marehemu Abdulla, jirani wa msikiti, na huko barazani ndiko tulikoswali siku zote za wageni. Hatua chache tu kutoka pale mashine iliposimama, jamani! Walikuwa wanatusikia tukiitikia amina. Walikuwa wanasubiri tutoe salamu ndipo tuje tuwapakulie wali na kamba wa nazi. Nani kati yenu mliokuja na mashine hakula wali ule? Anyooshe mkono. Ahaa. Mikono yote iko chini.

Halafu picha zikaenda mjini. Daktari, wewe Kisimani hukufika. Ulikaa ofisini ukatazama heshima yetu kwenye kioo, ukaiita uhame. Ukaandika kwamba hakuna dalili za waumini. Ulitaka dalili gani, baba? Tungebaki tumejazana ndani, tumekaidi, tumekanyaga nyaya zenu, ndiyo ungejua tupo? Kumbe mwenye adabu anahesabiwa hayupo!

Na bado. Ngojeni, sijamaliza.

Daktari amesema pia kwamba chokaa tunayopaka kila mwaka inaharibu uasili wa jengo. Toba! Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ule ukuta umezungukwa na maji ya chumvi, na mvua ya masika haiuhurumii. Unadhani umesimama kwa nini? Kwa sababu kina mama wa Kisimani, na mama zao, na bibi zao, hawajawahi kuuacha uchi. Kuna magofu mengi huko ambayo hayakupakwa chokaa na mtu. Nendeni mkayapige picha, ni asilia kabisa, popo wamejaa tele. Na ule mlango mnaotaka kuupeleka kwenye kioo unafunguliwa kila alfajiri. Unapakwa mafuta ya nazi. Mbao zake ziko hai kwa sababu ya mikono ya watu, na huko kwenye kioo ni nani atakayeushika?

Sasa nifike kwenye jambo lililonichoma kuliko yote.

Mzee Sadallah, uko wapi? Nyoosha mkono, mzee wangu, wakuone. Huyo mwenye kanzu nyeupe, kule nyuma. Ndugu wageni, huyo ndiye muadhini wetu. Tulipokuwa tunatoa mikeka alisimama mlangoni akatuambia, "Nyinyi hameni na mikeka yenu. Adhana itatoka hapa hapa." Tukambembeleza, akakataa. Nikamwambia, "Kaka Sadallah, wageni wamesema tusipite." Akasema, "Mimi sipiti. Mimi nasimama." Na akasimama. Kila wakati wa swala aliingia, akasimama mbele ya kibla, akaadhini, akatoka, akaja kuswali na sisi barazani. Mashine ikiwa inazunguka, yeye anaadhini. Tena alivaa kanzu mpya, hiyo hiyo aliyovaa leo, maana alijua anapigwa picha na alitaka dunia imwone yuko sawa.

Leo amekuja Kibiti, miguu inamuuma, kwa sababu moja. Amekuja kujiona. Tangu tuketi amekuwa akininong'oneza, "Habiba, mimi niko wapi hapo? Mbona sijioni?" Nikamwambia subiri, labda wanafika. Tulipokwenda kunywa chai nikamfuata Warda, nikamuuliza, "Mwanangu, mzee wetu yuko picha gani?" Naye akanijibu kwa uzuri kabisa, bila kuficha, "Bibi, yule alitokea pembe zote. Alikuwa anatia ukungu kwenye picha, tukaambiwa tumfute. Kompyuta inafuta watu yenyewe."

Inafuta watu yenyewe! Mmesikia?

Daktari, wewe unasema hukuona dalili za waumini. Dalili ulikuwa nayo! Imesimama mbele ya kibla, imevaa kanzu mpya, inaita kwa sauti kila wakati wa swala ukifika, nanyi mkaiona ni uchafu, mkaipangusa. Kisha mkatazama mahali mlipopapangusa wenyewe, mkasema, loo, hapa hakuna mtu. Wallahi nimekaa duniani miaka mingi, nimeona watu wakinyang'anywa shamba, nimeona mto ukihama na mpunga wa watu, lakini kufutwa nikiwa nimeketi ukumbini natazama, hilo ni geni kwangu. Nina hasira, na sioni haya kusema nina hasira.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako kuna kompyuta yenye kitufe. Ratiba inasema nikishuka mimi, wewe unabonyeza, picha hizi zinaingia mtandaoni, na dunia nzima inafungua na kusoma kwamba Msikiti wa Kisimani umeachwa. Siwezi kukushika mkono, wewe ni mkubwa na mimi ni mama wa mikeka. Nakuomba tu, kabla hujabonyeza, mgeuzie uso mzee yule kule nyuma, umtazame. Kisha mwulize Daktari kama sentensi ile anaweza kuifuta, kwa kuwa kufuta wanajua. Na mwulize Warda kama mtu aliyefutwa anarudishika. Naona binti anaitikia kwa kichwa. Anarudishika! Ahsante, mwanangu. Kumbe yumo humo humo, amefichwa tu.

Wewe Mzee Sadallah, uliniuliza uko wapi, na mimi tangu tulipotoka kwenye chai nimekukwepa. Jibu lako ni hilo, mbele ya watu wote. Walikuondoa, kaka yangu. Nisamehe kwa kuwa umelisikia kwenye spika.

Kuhusu Jumatatu, sisi hatuna ugomvi na boti. Njooni. Wali utapikwa, kamba watakuwepo, hatujawahi kumlaza mgeni na njaa na hatutaanza na nyinyi. Njooni na mashine yenye miguu mitatu, njooni na wa kung'oa mlango, na wewe Daktari njoo safari hii kwa miguu yako. Mlango mtaukuta wazi. Mikeka mtaikuta imetandikwa ukuta kwa ukuta, viatu vimejaa kizingitini mpaka mkose pa kukanyaga, kina mama upande wetu, wanaume upande wao, wazima kwa wagonjwa, na Mzee Sadallah mbele ya kibla na kanzu yake. Mtapiga picha mpaka betri ziishe. Lakini mkituambia tupishe, tutawasikia vizuri sana, na hakuna mtu atakayenyanyuka.

Nilipewa neno la shukrani, na shukrani naitoa: kwa wote mlionivumilia bila kunizimia kipaza sauti, ahsanteni. Sasa nashuka, na macho yangu yako kwenye kidole chako, Mheshimiwa.