Namba 612 Katika Daftari la Siku ya Shingo

Ijumaa, tarehe 30 Desemba 1977, Ndugu Winifrida Niyibizi, muuguzi mkunga, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi: kumi na tisa Kasulu, kumi hapa kituoni kwetu Kibondo. Nimeombwa niandike ya kuchangamsha, niyasome kwenye hafla hii ya kumuaga. Nitaandika, lakini kuna jambo linanikereketa tangu juzi, na kulimeza siwezi.

Jambo lenyewe ni hili. Nikitafuta takwimu za wasifu huu, nilipekua daftari la kina mama waliopimwa saratani ya shingo ya kizazi tangu 1971. Wapo 611. Nimelipitia mara tatu, kidole mstari kwa mstari. Jina la Winifrida halimo.

Haya, tucheke kwanza. Mwaka ule wa 1971 karani wetu Bazilio alitumwa kutangaza upimaji kanisani na sokoni. Akaona haya kutamka kizazi mbele ya wakwe zake, akakatisha maneno: kina mama wote waje Jumanne wapimwe shingo. Lo! Jumanne baraza lilijaa kina mama wenye rovu, ule uvimbe wa koo, kanga wameshusha mabegani, na waume zao wamewasindikiza. Sisi tulitamani ardhi ipasuke itumeze. Winifrida wala hakushtuka. Alizipima shingo zote, kisha akawa anamwingiza kila mama ndani peke yake, anafunga mlango na kumweleza kwa Kiha kwamba mwanamke ana shingo mbili, na ugonjwa wa ile ya pili huanza bila maumivu. Anayetaka alale kitandani, asiyetaka aende zake salama. Mwezi uliotangulia tulipata wawili tu. Siku ile walilala kumi na wanne. Basi tangazo la Bazilio likaachwa vilevile, na Jumanne ikawa Siku ya Shingo mpaka leo.

Kukaa chini mama huyu hajui. Hata chai hunywa amesimama, jicho barabarani, akingoja gari linaloleta majibu ya maabara. Mwaka 1974 jibu baya la Immakulata wa Kumsenga (mwenyewe ameniruhusu nimtaje) lilifika watu wakiwa wamekwisha kuhamia vijiji vipya, nyumba yake imebaki kuta. Wengine tungeandika hakupatikana, tukafunga faili. Winifrida alizunguka kwa baiskeli siku tatu, akimuulizia kijiji hadi kijiji, akamkuta anapalilia maharage. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akafanyiwa upasuaji mapema. Leo Immakulata yumo humu ukumbini, safu ya mbele, na sauti yake mtaisikia tu.

Sasa nirudi kwenye daftari. Mama mzazi wa Winifrida alifariki kule Muyama kwa ugonjwa huuhuu, alipofikishwa hospitali maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nadhani ndicho kilichomtia mwenzetu ari ya kuwapima wengine, na ndicho kilichomtia hofu ya kupimwa yeye. Kila nikimkumbusha, hujibu kwamba foleni ni ndefu, watangulie waliotoka mbali. Foleni gani hiyo ya miaka sita? Nimekasirika, jamani. Naogopa pia, na sioni aibu kusema. Mimi ni namba 38 humo daftarini. Siku yangu yeye alinishika mkono mpaka mwisho.

Mama Winifrida, asante kwa kututafuta hata tulipojificha. Wafanyakazi wote tunakutakia mapumziko mema na marefu, na hilo la marefu nimelikusudia. Shuka nimetandika, na vifaa nimechemsha mwenyewe asubuhi. Kwenye namba 612 nimeandika jina lako kwa penseli. Soda hazifunguliwi mpaka upimwe, Bazilio ameshika kifungulio. Njoo ndani, ulale, nikushike mkono.

Mwanaamina Khatibu, muuguzi