Chujio la Julai: Wasifu wa Fundi Tadei Libenanga

Marehemu Tadei Libenanga alizaliwa Idete tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa nne wa Mzee Theodori na Mama Luciana. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Idete, 1969 hadi 1975. Hesabu alikuwa wa kawaida, mwandiko mbaya. Lakini mashine ya kukoboa mpunga ya kijijini ikigoma, mwalimu alimruhusu akaitazame, na mara nyingi iliunguruma kabla ya kengele ya mchana.

Mwaka 1977 alijifunza ufundi wa dizeli Kiberege, na 1984 akafungua karakana Ifakara, akihudumia boti zinazovusha wakulima mto unapofurika. Alikuwa na kanuni asiyoipunguza: boti ikipandishwa nchi kavu Julai, chujio la mafuta libadilishwe siku hiyo hiyo na tangi lijazwe. Chujio chafu likiachwa kiangazi kizima, maji yaliyomo huila pampu kwa kutu. Masika ikikaribia lifunguliwe tena, maji yamwagwe, ndipo injini iwashwe.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Agnella. Kaka yake Agnella, Kelestini, mfanyabiashara wa mpunga, ndiye anayesoma wasifu huu. Mazungumzo ya mahari yalichukua siku mbili. Muda mwingi marehemu alikuwa nje akitengeneza pikipiki ya mshenga.

Julai 2011 Kelestini alipandisha boti yake. Marehemu alifika na chujio jipya mkononi.

"Shemeji," Kelestini akamwambia, "kitu kipya kikae miezi yote hiyo bure? Weka kabatini, tutalifunga masika."

"Bora lichakae hilo kuliko pampu."

"Boti ya nani?"

"Yako, shemeji."

Chujio likaenda kabatini. Masika ilipofika lilifungwa, lakini kutu ilikuwa imeshaingia kwenye pampu.

Machi 2012, boti ile ikielekea upande wa Lupiro na watu kumi na mmoja na mbegu zao, injini ilizima katikati ya mto. Watu walipiga kasia kwa mipini ya majembe. Stumai, abiria aliyekuwa na mtoto mgongoni, alimpigia kelele marehemu aliyekuwa akihangaika na injini: "We fundi, amsha hilo dude lako! Leo viboko watakula mpunga wetu na sisi tuwe mboga!" Baada ya muda wa saa tatu walinasa kwenye matete. Hakuna aliyekufa. Mbegu zote zililowa.

Mjini ikasemwa fundi alisahau chujio. Alipoulizwa alijibu tu, "Injini niliihudumia mimi." Boti tano zilihamia kwa fundi mwingine. Mwenye boti alikuwa akinunua mpunga kwa watu wale wale, akaogopa wasimuuzie tena, akaona kunyamaza kunamfaa. Alinyamaza miaka kumi na tatu.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Novemba 2024. Alilazwa mara mbili, akafariki nyumbani Jumatatu, 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Mei, kabla hajafariki, Kelestini alimwambia kwamba atalisema jambo hili la chujio mbele za watu.

"Liseme kwa ajili ya mwanangu Wendelin," marehemu alijibu. "Mimi sitafuti wateja tena."

Basi lisemwe. Fundi hakusahau. Alizuiwa, na aliyemzuia ni huyu anayesoma. Wendelin, mwanawe, amefundishwa kazi na baba yake. Anayemkwepa kwa kisa cha 2012 anamkwepa bure.

Ameacha mjane, Agnella, watoto watatu, Wendelin, Rosemery na Justin, na wajukuu watano.

Fundi Tadei apumzike kwa amani, na jina lake, kuanzia leo, nalo liachwe lipumzike.