Nukta Nne kwenye Mikasi ya Ansbert Hyera

Ndugu, jamaa na majirani wa Mtaa wa Mahiwa, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni Victoria, mtoto wa mwisho wa marehemu. Nimepewa dakika tano nimwelezee baba, na sitapamba. Mnaofanya kazi hospitali, naomba msiondoke kabla sijamaliza.

Ansbert Athanas Hyera alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mbinga, mkoani Ruvuma, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Athanas, mkulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Hakuendelea. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona aibu kwa hilo, kwa hiyo na sisi tusimwonee huruma leo.

Mwaka 1981 alikuja Dar, akaanza kunoa visu vya wapara samaki pale Feri. Hapohapo ndipo alipokutana na mama yetu, Evarista, muuguzi wa chumba cha upasuaji, aliyekuja kununua changu mwaka 1989. Mama alimtazama akinoa, akamuuliza, "We kaka, mkasi unaweza?"

Baba akajibu, "Dada, mimi hata ulimi wako ningenoa, ila naona tayari unakata."

Wiki iliyofuata mama akamletea mikasi miwili ya kupasulia watu, imefungwa kwenye kanga. Walifunga ndoa tarehe 24 Agosti 1991, Msimbazi.

Kwa zaidi ya miaka thelathini baba alinoa mikasi ya hospitali kwenye kibaraza chake Mahiwa. Alijaribu kila mmoja kwa bandeji iliyolowa maji. Mkasi ukikata mpaka nchani bila kutafuna, ameupitisha. Visu vya upasuaji vyenye wembe wa kubadilisha hakugusa hata siku moja. Alisema wembe ule ni wa mtu mmoja, halafu unatupwa, na asiyejua hilo akauze nyanya.

Mama ndiye aliyempa sheria yake kubwa. Kila unaponoa, chuma kinakonda. Mkasi ukizidi kunolewa, ncha inaweza kukatikia ndani ya mtu. Basi kila aliponoa, baba aligonga nukta moja karibu na skrubu. Zikifika nne, hakunoa tena, hata aje nani.

Novemba 2023 alikuja Hillary, meneja wa kituo kimoja cha binafsi ambacho sasa hakipo. Alileta mikasi saba, vishikio vimepakwa rangi ya kijani, yote ina nukta nne.

"Mzee Hyera, mipya imekwama bandarini. Kina mama wanasubiri kupasuliwa. Nifanyeje?"

"Nukta nne hizo, Hillary. Hesabu mwenyewe."

"Shikamoo basi, mzee wangu. Wiki mbili tu, halafu nakurudishia uivunje kwa mkono wako."

Baba akainoa. Nukta ya tano hakugonga. Mama hakuambiwa.

Wiki mbili zikapita, na mwezi ukapita. Januari ukarudi mkasi mmoja, hauna ncha. Ncha ilibaki tumboni mwa mama mmoja aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji. Alifunguliwa tena, ikatolewa, na yuko hai. Kituo kilifungwa mwezi uleule, vifaa vikauzwa kimoja kimoja, na mikasi sita ikatawanyika mjini. Siku hiyo baba alimwambia mama kila kitu. Akauvunja ule mkasi kwa nyundo, akafunga kibaraza.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja, kuzunguka hospitali akiomba kuona mikasi yao. Wengi walidhani anatafuta kibarua. Mlinzi mmoja Ilala alimuuliza, "Mzee, kwani umeibiwa?" Baba akasema, "Hapana, kijana. Nimetoa mwenyewe."

Alikuwa na ngiri ya muda mrefu, na matibabu aliahirisha kila mara. Jumanne tarehe 8 Aprili 2025 asubuhi, ngiri ikabana utumbo. Daktari akasema apasuliwe saa hiyohiyo. Baba akagoma mpaka aonyeshwe mikasi.

Muuguzi Zulekha, ambaye yuko hapa leo, alimwelewesha kwa upole. "Baba, trei imeshachemshwa na kufungwa. Nikikufungulia uangalie, inabidi ichemshwe upya. Ni zaidi ya saa nzima, na wewe huna hiyo saa."

"Basi chemsha upya, mwanangu. Mimi nasubiri."

Daktari alikataa. Baba naye alikataa. Alisubiri tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, akapoteza fahamu. Mama akasaini. Walipomfungua, utumbo ulikuwa umeshaoza. Alifariki Jumatano tarehe 9 Aprili 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka 64.

Mimi nilikasirika sana. Niliwaambia kaka zangu kwamba mzee amekufa kwa ubishi. Juzi Alhamisi Zulekha akaja msibani, akamwita mama pembeni, akafungua kitambaa chenye mkasi. Alikuwa anaosha vifaa vilivyotumika kwa baba, akafuta karibu na skrubu. Nukta nne. Kwenye kishikio, mabaki ya rangi ya kijani. Ncha ilikuwa nzima.

Mama akauliza, "Iko mingapi kwenu?"

Zulekha akasema, "Mama, mimi nimeuona huu mmoja."

Marehemu ameacha mjane, Evarista, watoto watatu, Aristides, Bryson na Victoria, wajukuu wanne, na mikasi mitano ambayo hatujui iko wapi. Ninyi wa hospitali, Jumatatu mkiingia kazini, kabla trei haijafungwa, angalieni karibu na skrubu. Rangi inaweza kuwa imeshatoka, nukta hazitoki. Mkasi ukiwa na nne, msiutupe, maana kuna mtu atauokota. Uleteni Mahiwa. Nyundo ya baba iko mlangoni.

Mungu ampe baba pumziko la amani. Mikasi yake bado iko kazini.